Mwanamaji wangu yuko likizo, mbona usiku halali?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Gungu, Kigoma. Nimelifupisha kidogo:

"Daktari, shikamoo. Mume wangu ni askari wa majini. Amekaa melini huko baharini miezi kadhaa, sasa yuko nyumbani kwa likizo, leo siku ya sita. Usiku saa nane, saa tisa, namkuta kakaa barazani peke yake. Mchana saa nne kainamia kifua kwenye kiti, anakoroma. Juzi umeme ulikatika, feni ikasimama, akaruka kitandani kama kamwagiwa maji, anatafuta viatu gizani. Watoto wakimgusa akiwa usingizini anawafokea, na mimi mwenyewe naona kama hanitaki. Mama mkwe anasema kuna kitu kimemfuata kutoka majini. Ninachojiuliza ni hiki: baba yangu alivua dagaa pale Kibirizi zaidi ya miaka ishirini, usiku halali, lakini akirudi asubuhi analala kama gogo na hana ugomvi na mtu. Huyu ameshindwa nini? Nimnunulie vidonge vya usingizi?"

Marahaba, dada yangu. Vidonge acha kwanza, nitavirudia. Nianze na baba yako, maana katika yote uliyouliza hilo ndilo lenye uzito, na jibu la mumeo limo humo humo.

Mzee wako alikuwa na saa yake. Jua likizama mitumbwi inatoka, taa zinawashwa, dagaa wanapanda kwenye mwanga. Alfajiri wanarudi, kinamama wanapokea ndoo ufukweni, mzigo unaanikwa. Saa mbili au tatu asubuhi mtu keshakula, anajitupa kitandani mpaka alasiri. Kesho hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo, mpaka mbalamwezi iingie. Mwezi uking'aa dagaa hawaifuati taa, basi ziwa lenyewe linampa mvuvi mapumziko. Kazi ya usiku ni nzito kwa binadamu yeyote, hilo silifichi. Muulize mama yako, atakukumbusha kwamba siku za mwanzo za mbalamwezi mzee alikuwa akihangaika, saa nane za usiku yuko macho anashona nyavu. Kisha anatulia, kisha giza linarudi, anaanza tena. Lakini alibadilika mara moja au mbili kwa mwezi. Na usingizi wake, hata kama ulikuwa wa mchana, ulikuwa mmoja, wa kipande kimoja.

Mumeo hakupewa kazi ya usiku. Laiti angepewa. Alipewa vipande vya usiku na vipande vya mchana, na kila baada ya muda vipande vinahamishwa.

Ngoja nikuonyeshe. Ratiba ya meli yake ni mambo ya jeshi, tuyaache huko huko. Nachukua mpango wa zamani ambao mabaharia wa dunia nzima wanaujua: makundi matatu, kila kundi saa nne zamuni na saa nane nje ya zamu. Tuseme yeye ana zamu ya saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri. Saa tano na nusu mtu anakuja na tochi ndogo, anamwita jina. Hawezi kuamka saa sita kamili, kwa sababu jicho linahitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na chumba cha usukani usiku hakiwashwi taa nyeupe. Kuna vitaa vyekundu tu kwenye vyombo, ili anayetazama nje aone taa ya mtumbwi au ya meli nyingine kabla haijafika karibu. Anakunywa chai, anapokea zamu: tunaelekea upande gani, nani yuko mbele yetu, upepo ukoje, nahodha kaagiza nini. Kisha saa nne za kusimama na kutazama giza. Saa kumi anakabidhi. Saa kumi na nusu yuko kitandani, na kitanda chenyewe ni cha deka, cha tatu kutoka chini, akikaa kichwa kinagonga cha juu.

Saa kumi na mbili meli nzima inaamshwa.

Hapo ndipo watu wengi hawaelewi. Wakisikia saa nane nje ya zamu wanadhani ni saa nane za kulala. Meli ya vita si kama ya mizigo. Ya mizigo, hata iwe kubwa namna gani, huweza kuendeshwa na watu ishirini na kitu. Ya vita ina watu wengi kwa sababu kuna silaha, kuna rada, kuna mazoezi ya moto, mazoezi ya kuzuia maji yasiingie, kusafisha, kupaka rangi, ukaguzi, masomo. Mambo hayo yote hufanywa mchana, na aliyekuwa zamuni usiku hasamehewi. Kwa hiyo mumeo asubuhi anakula, anapiga deki, anatengeneza mashine. Saa sita mchana anaingia zamu yake ya pili mpaka saa kumi jioni. Baada ya hapo labda king'ora cha mazoezi. Anakula, anaoga kwa maji ya kupimiwa, anafua soksi. Akiwahi sana analala saa mbili usiku, na saa tano na nusu yule wa tochi yuko mlangoni. Jumlisha: saa moja na nusu alfajiri, saa tatu na nusu jioni. Saa tano, tena zimekatwa vipande viwili. Na hiyo ni siku nzuri, siku ambayo bahari imetulia na hakuna dharura.

Wenye meli za mizigo wamewekewa sheria ya kimataifa: baharia apate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na 77 kwa wiki, na zikigawanywa zisizidi vipande viwili, kimoja kisipungue saa sita. Meli za vita hazimo kwenye sheria hiyo. Jeshi ni jeshi.

Sasa hilo la vipande kuhamishwa. Mabaharia wa zamani, hasa wa Uingereza, waliona si haki kundi moja libebe usiku wa manane safari nzima. Wakaichukua zamu ya saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku wakaigawa mara mbili, saa mbili mbili. Zamu zikawa saba kwa siku badala ya sita, na kwa kuwa saba haigawanyiki kwa mawili wala kwa matatu, kila siku kila kundi linasogea. Wa manane leo, kesho si wa manane. Ni haki tupu, na wakati huo huo wote wanakula chakula cha jioni kwa saa ya maana. Ukiniuliza kama mtu, nitasema ni uungwana. Ukiniuliza kama tabibu, nitasema waligawana adhabu sawasawa.

Wamarekani nao walikuwa na yao, ambayo ni mbaya zaidi: saa tano zamuni, saa 10 nje. Jumla 15. Piga hesabu. Usiku wa kuamkia Jumatatu anaingia saa sita. Zamu inayofuata ni Jumatatu saa tisa alasiri. Halafu Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, halafu Jumanne hiyo hiyo saa tatu usiku, halafu Jumatano saa sita mchana, halafu Alhamisi saa tisa usiku. Anarudi alipoanzia usiku wa kuamkia Jumamosi. Hakuna siku mbili zinazofanana. Nyambizi zao kwa miongo mingi zilikwenda kwa siku ya saa 18, sita kazini na 12 nje, na humo ndani hakuna dirisha wala jua la kumkumbusha mtu kwamba huku nje kumekucha. Mtu anajua ni asubuhi kwa sababu amewekewa mayai mezani.

Kwa nini mwili hauwezi kuifuata siku ya saa 15 au 18? Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapokutana, kuna kifundo kidogo cha chembe hai kinachokwenda kama saa ya ukutani. Mzunguko wake ni karibu saa 24, na kinachoirekebisha kila siku ni mwanga unaoingia machoni, kwanza kabisa ule wa asubuhi. Saa hiyo ndiyo inayoshusha joto la mwili usiku, ndiyo inayoamuru homoni ya usingizi ipande giza likiingia, ndiyo inayofanya saa tisa na saa kumi za usiku ziwe saa ambazo hata mlinzi hodari anasinzia kwa miguu. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kufichua jinsi inavyokwenda ndani ya chembe zenyewe.

Lakini zamani kabla yao palikuwa na Nathaniel Kleitman, mtafiti wa usingizi, mzee ninayempenda kuliko wote katika fani hii. Mwaka 1938 aliingia na mwanafunzi wake kwenye pango la Mammoth, Kentucky, wakakaa siku 32 bila jua, wakijaribu kuishi siku ya saa 28. Mwanafunzi, kijana wa miaka ya ishirini, mwili wake ulikubali. Kleitman, aliyekuwa na miaka arobaini na kitu, alikataliwa na mwili wake mwenyewe. Usingizi ulimjia kwa saa zile zile za nyumbani, pango au si pango. Baadaye alichunguza pia usingizi wa mabaharia ndani ya nyambizi. Ninakuletea habari hizi kwa sababu moja: mumeo ana miaka mingapi? Kama amefika arobaini, asijilinganishe na vijana wa deka la juu wanaolala popote na kuamka wakicheka. Miaka inaongeza ugumu.

Mtu asipolala vizuri siku moja, anajua. Asipolala vizuri wiki mbili mfululizo, hajui tena, na hapo ndipo hatari. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya watu waliolazwa saa sita au pungufu kila usiku kwa siku 14. Umakini wao ulishuka mpaka kiwango cha mtu aliyekesha hadi usiku mbili mfululizo, ilhali wenyewe walijiona wamechoka kidogo tu. Na Waaustralia walikuwa wameshapima mwaka 1997: mtu aliyekaa macho saa 17 mikono na macho yake vinafanya kazi kama ya mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Kwa baharia wa vita, saa 17 macho si habari ya kusimulia.

Majeshi hayakulisikia hili kwa hiari. Juni 17, 2017, saa saba na nusu hivi usiku, manowari ya Marekani USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena karibu na Japani; mabaharia saba walikufa, maji yaliwakuta walipokuwa wamelala. Miezi miwili baadaye, Agosti 21, USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, kabla hakujapambazuka vizuri. Wakafa kumi. Makosa yalikuwa mengi, ya mafunzo na ya mitambo, na kwenye McCain watu walichanganyikiwa kuhusu usukani uko mikononi mwa nani. Lakini uchovu ulitajwa kwenye zote mbili. Baada ya hapo ndipo amri ikatoka meli zao za juu ya maji zipange zamu kwa kufuata saa ya mwili. Mpango unaosifiwa zaidi ni wa makundi manne: saa tatu zamuni, saa tisa nje, na kila mtu anabaki na saa zake zile zile safari nzima. Mwenye zamu ya saa tisa usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi anaweza kulala saa mbili jioni akapata saa sita na zaidi kwa mkupuo mmoja. Ni kazi ya usiku, ndiyo. Lakini ni kazi ya usiku ya baba yako wa Kibirizi: ngumu, ila ina saa. Tatizo lake ni moja, inataka watu wa kutosha, na meli nyingi hazina watu wa kutosha.

Basi mumeo hajashindwa, dada. Amerudi na saa ya mwili ambayo miezi mingi haikujua ifuate nini.

Hilo la feni limenigusa, maana nalijua. Nikiwa kijana nilisafiri na Liemba, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika, kutoka Kigoma kwenda Kasanga, daraja la tatu, na usiku wa kwanza sikulala kwa sababu ya injini. Usiku wa pili injini ikawa kama bembea. Kisha tukasimama mbele ya kijiji fulani, hakuna gati, mitumbwi ikaja na tochi na kelele, magunia yanarushwa, kuku wanalia, abiria wapya wananikanyaga miguu. Mimi sikuamshwa na kelele hizo. Niliamka kabla, pale injini iliponyamaza. Nikamuuliza baharia mmoja aliyekuwa akifunga kamba, akacheka, akasema yeye nyumbani kwake Katonga hulala na redio ikichemka bila stesheni, maana kimya kinamwamsha. Sasa fikiria meli ya vita. Ule mvumo wa viyoyozi na jenereta ukikoma ghafla, maana yake kuna kitu kimeharibika, labda moto, labda maji, na king'ora kiko njiani. Mwanamaji hufundishwa kuvaa viatu gizani kwa kupapasa. Mumeo alipotafuta viatu baada ya feni kusimama alikuwa anafanya alichofundishwa. Na ziwa letu halijaanza jana kuona watu wa namna hiyo: hiyo hiyo Liemba ilizinduliwa hapa Kigoma na Wajerumani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, wakaitumia vitani, baadaye wakaifunga mzinga uliotoka kwenye manowari yao ya Königsberg. Kulikuwa na vijana waliolala humo na nguo zao.

Kwa mama mkwe, sema naye kwa heshima. Usimbishie. Mwambie daktari anasema kilichomfuata ni zamu, na kwamba akitaka kumwombea aombe, dua haigombani na ninayokwambia. Ninachokuomba ni kwamba kusiwe na mtu wa kumkesha usiku kwa ngoma au moshi, maana hapo mtakuwa mmemrudisha zamuni.

Ukali kwa watoto na huko kuona kama hakutaki, vipime ukijua hali yake. Mtu mwenye deni la usingizi hukasirika kwa jambo dogo, na hamu ya ndoa hushuka pamoja na nguvu nyingine. Mfikirie pia kijana anayekurupushwa usingizini kwa kuguswa bega: melini anayemgusa ana habari mbaya. Waambie watoto wasimguse. Wamwite jina kutoka mlangoni, au miguuni mwa kitanda, kwa sauti ya kawaida. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Sasa ya kufanya. Saa ya mwili husogea polepole, kwa makadirio saa moja kwa siku, wakati mwingine chini ya hapo. Yeye yuko mbali na saa zako kwa saa nane, tisa. Siku ya sita ni mapema mno kukata tamaa. Mpe wiki mbili. Siku zile mbili tatu za kwanza mtu wa namna hii huachwa alale anavyotaka alipe deni, na hizo zimeshapita. Kuanzia kesho shika jambo moja tu, saa ya kuamka. Acha habari ya saa ya kulala, hiyo hailazimishwi. Hata kama amelala saa kumi alfajiri, saa moja asubuhi aamke, atoke nje. Mwanga wa ndani ya nyumba hautoshi. Ashuke nawe mpaka Kibirizi mkanunue migebuka, au atembee tu barabarani nusu saa, bila miwani ya jua. Jua la asubuhi la Kigoma ndilo dawa, na haliuzwi.

Mchana atasinzia. Mruhusu mara moja, dakika 20 hadi 30, kabla ya saa tisa alasiri, na umwamshe. Akipitiliza hapo anaingia usingizi mzito, ukimwamsha ataamka kama mlevi na usiku umeharibika. Kuhusu kahawa nitakuwa mkorofi kidogo. Najua baraza za Ujiji na vile vikombe vidogo baada ya Magharibi, na najua mwanamaji aliyerudi hapiti bila kuitwa. Akae nao, azungumze, kikombe akatae. Nguvu ya kahawa hubaki nusu yake mwilini baada ya kama saa tano, kwa hiyo ya saa moja jioni bado inafanya kazi saa sita usiku. Mwisho wake iwe saa saba au nane mchana. Bia nayo isimdanganye: inamlaza haraka, kisha saa nane usiku inamwamsha na kiu na moyo unapiga.

Chumba kiwe giza. Kanga mbili dirishani zinatosha, ya kwanza ya rangi iliyokolea. Simu ilale sebuleni. Feni iache iwake usiku kucha kama hali ya hewa inaruhusu, ule mvumo ni rafiki yake kwa sasa; na umeme ukikatika, wewe uliye macho sema tu kwa sauti ndogo, "Umeme umekatika, tuko nyumbani." Maneno hayo hayo kila mara. Akiamka saa tisa usiku na usingizi umepaa, asigaegae kitandani akihesabu saa. Atoke akae barazani gizani, sawa kabisa, alichokuwa akifanya si kosa. Kosa ni kuwasha simu huko, au kuanza kutengeneza baiskeli chini ya taa kali. Macho yakizidi uzito arudi.

Na wiki hizi asiendeshe pikipiki kwenda Kasulu wala popote pa mbali. Nimeshaeleza habari ya saa 17.

Vidonge. Diazepamu inauzwa madukani kwa wepesi ambao hautakiwi, na wengine hununua Piriton kwa sababu inasinzisha. Zote mbili zitamlaza, hazitarekebisha saa. Diazepamu ukiizoea kuiacha ni kazi nyingine, na mwanamaji atakayerudi kusimama sitahani usiku hapaswi kuwa na dawa hiyo mwilini. Piriton inamwachia uzito kichwani asubuhi, wakati ule ule tunaotaka atoke juani. Kama itafika mahali dawa inahitajika, aandikiwe na daktari anayejua kazi yake ni ipi.

Kuna mambo ambayo hayasubiri wiki mbili. Hapa kwetu, akiwa na homa, jasho la usiku au maumivu ya viungo, kipimo cha malaria kwanza, hadithi za zamu baadaye. Msikilize anavyokoroma: kama anakoroma kwa nguvu, kisha anakata pumzi kimya, kisha anaivuta kama aliyezamishwa, hiyo ni njia ya hewa inayoziba usingizini, inatibika, na haihusiani na meli. Kama ana ndoto ile ile ya kutisha kila usiku, au anakwepa kabisa kulala kwa sababu ya ndoto, au ameanza kunywa ili alale, muulize taratibu kama kuna tukio lililotokea huko. Huenda asikuambie wewe. Amwambie daktari wa kikosi au yeyote wa afya ya akili hospitali ya mkoa. Kwenda kule hakumfanyi mgonjwa wa kichwa. Na kama yote niliyosema ameyafuata, na bado usiku tatu au zaidi kwa wiki hapati usingizi, miezi mitatu inakatika, hiyo sasa tunaiita ukosefu sugu wa usingizi na ina matibabu yake, mengi yakiwa ya mazungumzo na mazoea kuliko dawa.

Likizo ikikaribia kuisha, wiki ya mwisho mwache alale zaidi ya kawaida, saa nane, tisa. Usingizi wa ziada kabla ya safari humsaidia mtu kustahimili siku za mwanzo za upungufu. Hiyo imepimwa, si kubembelezana. Na muulize anarudi kwenye zamu gani. Kama jeshi linamruhusu kukuambia saa zake za kulala, ziandike kwenye karatasi ubandike karibu na kalenda, uwaonyeshe watoto na mama mkwe, na katika saa hizo mtu yeyote nyumbani kwako asimpigie simu, hata wa kumsalimia.